Mizani ya Mzazi: Habari za Shule za Kulipia katika Nchi ya Songwe

Wengi hudhani kwamba mashaka ya mzazi asimamaye kati ya shule ya serikali na shule ya kulipia ni mashaka ya zama hizi, yaliyoletwa na mabasi ya wanafunzi na sare za rangi za kupendeza. Walakini mwenye kuzichungua habari za nchi hii ielekeayo mipaka ya Zambia na Malawi, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa chini ya mamlaka za Tukuyu na Mbeya kabla ya kufanywa mkoa wa Songwe mwaka 2016, ataona dhahiri kwamba wazazi wake wamekuwa na mizani mikononi kwa zaidi ya karne moja, na kwamba hapakuwa na zama hata moja ambamo elimu ilipatikana bila ya mzazi kutoa kitu chenye thamani.

Wamisionari wa Moravian, waliokwisha kuweka kituo Rungwe mwaka 1891, walifika Mbozi kwa Wanyiha mwaka 1899, na miongoni mwao alikuwamo Traugott Bachmann, mtu aliyejifunza Kinyiha kwa bidii hata Agano Jipya likachapishwa kwa lugha hiyo mwaka 1913. Shule ya misheni haikudai fedha kama tuzijuavyo ada leo, lakini haikuwa ya bure machoni pa mzazi. Kwani mvulana aliyekwenda kusoma aliacha ng'ombe bila mchungaji, na msichana aliacha jembe la mama yake, na fauka ya hayo wazee waliogopa kwamba mtoto atakayelelewa na wageni atarudi nyumbani akiwa mgeni, asiyejali mila wala kafara za wahenga wake. Wakati huo huo, upande wa pili wa mpaka, mwendo mfupi tu kutoka mahali pa Tunduma ya leo, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuwa na kituo chao cha Mwenzo, na vijana wao hodari walipelekwa mbali, hadi chuo cha Overtoun katika Nyasaland, yaani Malawi ya leo, wakajifunza Kiingereza na ualimu na ukarani. Wanyamwanga, ambao mpaka wa wakoloni uliwakata vipande viwili pasipo kuulizwa, waliweza basi kuziona shule za namna mbili katika aila moja, hii ya lugha ya nyumbani na ile iliyofikisha kwenye lugha ya mtawala, na kupima ipi ina faida.

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, wamisionari wa Moravian, waliokuwa Wajerumani, wakaondolewa, na vituo vyao vikawa chini ya uangalizi wa Waskoti hao hao kwa muda wa miaka kadhaa. Baadaye serikali ya Waingereza, kwa sheria ya elimu ya mwaka 1927, ilianza kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti yake, na tangu hapo shule ikawa jambo la vyeti na ukaguzi na, aghalabu, ada. Wanaume waliokwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, walirudi na maarifa mapya: waliona kwamba mwenye kalamu hukaa kivulini na mwenye sururu hushuka shimoni. Na ingawa huko Mbeya palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, Mwafrika hakuweza kumpeleka mwanawe hata angekuwa na mali, kwa kuwa elimu iligawanywa kwa rangi. Ndipo wazazi wenyewe walipoinuka. Chama chao cha TAPA kikaasisiwa mwaka 1955, kikaanzisha shule katika Tanganyika pale ambapo serikali na misheni hazikufika, nao wazazi wakazijenga kwa michango na nguvu zao.

Uhuru ulipopatikana, ubaguzi wa rangi katika shule ulifutwa tangu mwaka 1962. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Sheria ya mwaka 1969 ikazitia shule za misheni mikononi mwa serikali. Mwaka 1973 ada za shule ya msingi zikaondolewa. Na azimio lililopitishwa Musoma mwaka 1974 likaagiza kila mtoto apate nafasi ya kusoma ifikapo 1977. Haki hii tusiidharau. Mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbozi, na wa mpasua kokoto aliyefuata ujenzi wa reli ya TAZARA, na wa karani wa forodha, walikaa dawati moja wakasoma kitabu kimoja, na taifa likapata lugha moja na moyo mmoja. Lakini insafu yatulazimu tuseme pia kwamba nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na watoto wengi wenye akili waliishia darasa la saba kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuwapokea.

Mlango huo mwembamba ndio uliozizaa upya shule za kulipia. Katika miaka ya 1980 serikali iliwaruhusu wananchi, makanisa na jumuiya ya wazazi kujenga sekondari kwa wingi, hata kabla ya muongo kwisha sekondari zisizo za serikali zikawa zimezipita za serikali kwa idadi. Kisha mwaka 1995 sheria ya elimu ikarekebishwa, watu binafsi wakapata ruhusa ya kuendesha hata shule za msingi, na hapo ndipo shule za mchepuo wa Kiingereza zilipoanza kuenea mikoani, hata zikafika miji ya Vwawa na Tunduma.

Tunduma ilikuwa na sababu zake za kuzipokea. Mji huu umekua kwa biashara ya mpaka na malori yaendayo Zambia na Kongo. Katika sensa ya mwaka 2012 watu wake hawakufika laki moja, na katika sensa ya 2022 walizidi laki mbili. Madarasa ya serikali hayawezi kukua kwa kasi hiyo. Zaidi ya hayo, mzazi wa Tunduma hakuhitaji safari kuijua nguvu ya Kiingereza, kwa maana jirani yake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alitoka katika nchi iliyokifanya Kiingereza lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza kwa miaka mingi baada ya 1966, na katika maduka na ofisi za forodha alimsikia akiitumia lugha hiyo kila siku. Mfanyabiashara aliyeona mkataba ukisainiwa mbele yake bila kuuelewa alikata shauri kwamba mwanawe hatapatwa na hayo.

Faida za shule hizi si hadaa. Darasa lina watoto wachache, mwalimu huulizwa asipofika, madaftari husahihishwa, na mtoto akiingia sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, hashtuki kama ashtukavyo mwenzake wa shule ya serikali, ambayo watu wameizoea kwa jina la Kayumba. Lakini hasara nazo ni kweli. Ada hudaiwa Januari, ilhali fedha ya kahawa ya Mbozi na Ileje hupatikana baadaye katika mwaka, kwa hiyo wako wakulima wanaokopa, na wako wanaouza mahindi ya chakula. Mtoto mwingine hujifunza kulitamka neno la kigeni kwa ufasaha huku akishindwa kumwamkia bibi yake kwa Kinyamwanga. Na kubwa kuliko yote ilikuwa bweni: mtoto wa miaka sita au saba kuondolewa kwa mama yake akalelewa na matroni mwenye watoto kadha wa kadha. Hofu ya wazee wa Mbozi wa zama za misheni haikuwa ujinga, kwani serikali yenyewe, kwa waraka wake wa mwaka 2023, ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, ikitaja haja ya mtoto kulelewa na wazazi na jamii yake.

Iko hasara nyingine isiyoandikwa katika risiti. Januari 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne, na ruzuku iliyowekwa kwa kila mtoto wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiasi hicho hakitoshi chaki na ukarabati, sembuse madarasa mapya. Shule hiyo inahitaji watetezi. Ikiwa karani, mfanyabiashara na hata mwalimu mwenyewe wamewahamisha watoto wao, nani atasimama katika mkutano wa kijiji au kamati ya shule kuuliza kwa nini watoto wanakaa sakafuni? Tuwakumbuke waliotangulia: katika mwaka 1923 wasomi wa Mwenzo, akina Donald Siwale na David Kaunda, baba wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, waliunda chama cha kutetea hali za watu wao. Elimu iliyowatenga na wenzao kwa maarifa haikuwatenga kwa moyo, na hiyo ndiyo sifa ya elimu iliyo njema.

Basi nasaha yangu kwa mzazi wa Songwe ni hii. Ukiwa na uwezo halali wa kulipa, lipa, wala usione haya. Lakini usichague shule kwa basi lake wala kwa jina lake, ichague kwa walimu wake, uwajue kwa sura, uyafungue madaftari ya mwanao, na umweke nyumbani kwako mpaka akomae. Usiuze shamba wala chakula kwa ajili ya ada ya darasa la kwanza, kwa kuwa mtoto aliyeshiba, anayesikilizwa na mzazi wake kila jioni, husoma vema hata Kayumba. Na popote asomapo mwanao, hudhuria mkutano wa shule ya mtaa wako na utoe mchango wako, maana shule ile ni mali yako kwa haki ya uraia, na watoto wanaosoma pale ndio watakaoishi na mwanao katika nchi moja.