Jiwe, Nuru na Chokaa: Historia ya Kufuga Matumbawe Nyumbani

Ufugaji wa matumbawe nyumbani, yaani kuweka viumbe wa mwamba wa bahari katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi hadi wakaishi na kukua humo, ni sanaa changa. Wachina walifuga samaki wa dhahabu kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote Ulaya kuthubutu kuweka kipande cha bahari sebuleni, na sababu haiko mbali: maji ya bahari yaliyofungiwa chomboni pamoja na viumbe wake huoza na kunuka baada ya siku chache. Waliohangaika na tatizo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja walikuwa wakimtazama samaki, ilhali jibu lilikuwa katika jiwe aliloogelea juu yake, jiwe ambalo wengi wao walilihesabu kuwa pambo.

Mwanzo wa kuaminika ni Messina, katika kisiwa cha Sicily, mwaka 1832, wakati Jeanne Villepreux-Power, mwanamke wa Kifaransa, alipotumia matangi ya kioo kumchunguza pweza aitwaye agonauti na kuthibitisha kwamba kiumbe huyo hujitengenezea gome lake mwenyewe. Yalikuwa matangi ya uchunguzi, na bahari ilikuwa karibu. Aliyeyapeleka matumbawe mbali na bahari ni Anna Thynne, mke wa kasisi mjini London, ambaye mwaka 1846 alichukua matumbawe madogo yenye umbo la kikombe kutoka pwani ya Torquay. Kwa kuwa hakuweza kupata maji mapya ya bahari kila siku, alimwagiza mtumishi wake ayamimine maji yale yale kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, ili hewa iingie, na mwaka uliofuata akaongeza mwani, ambao hutoa oksijeni unapopata mwanga. Matumbawe hayo yaliishi karibu miaka mitatu na hata kuzaa. Haipunguzii sifa yake kusema kwamba bahati ilimsaidia, kwa sababu matumbawe ya kikombe ya bahari baridi hula vijidudu tu wala hayategemei jua. Angeletewa tumbawe la bahari ya joto, chumba cha London kingeliua kwa giza.

Wazo la mwani na mnyama kusaidiana lilipata nguvu mwaka 1850, Robert Warington, mwanakemia, alipoeleza jinsi samaki, mimea na konokono wanavyoweza kukaa pamoja kwa muda mrefu bila maji kubadilishwa: mmea humpa mnyama hewa, mnyama huulisha mmea kwa taka zake, na konokono hula yanayooza. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, kwa hiyo kioo kilishuka bei, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki lililovuta umati. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alichapisha kitabu chake kuhusu matangi hayo, na jamii ya watu wenye nafasi ikapandwa na wazimu wa bahari. Gosse alitoa pia kanuni ya kutengeneza maji ya bahari kwa wakazi wa bara, akichanganya chumvi ya kawaida, salfeti ya magnesi, kloridi ya magnesi na kloridi ya potasi. Mchanganyiko huo haukuwa na chokaa, ambayo ndiyo tumbawe hujengea mifupa yake. Kasoro hiyo haikumsumbua mtu, kwa kuwa hakuna aliyetarajia tumbawe likue.

Wazimu huo haukudumu. Matangi mengi yalichafuka na kutupwa, na madimbwi ya mawe ya pwani ya Devon yalikombwa na wakusanyaji kiasi kwamba Edmund Gosse, mwana wa Philip, aliandika mwaka 1907 kwa uchungu juu ya uharibifu ambao kitabu cha baba yake kilikuwa kimeuchochea.

Kilichokosekana katika hesabu ya Warington hakikuonekana kwa macho. Taka za wanyama hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria hao mnamo 1890, lakini elimu hiyo ilichukua miongo kuwafikia wafugaji wa nyumbani. Katikati ya karne ya 20 tangi la kawaida la maji ya chumvi lilikuwa na changarawe chini, na chini yake sahani yenye matundu iliyovuta maji ili bakteria wa changarawe wayasafishe. Samaki waliishi. Matumbawe yaliyowazunguka yalikuwa mifupa mitupu iliyofanywa nyeupe kwa dawa ya klorini, tena samaki walitibiwa kwa shaba, ambayo huwaua karibu viumbe wote wasio na uti wa mgongo. Ni vigumu kubuni utaratibu unaolichukia tumbawe kuliko huo.

Suala la nuru nalo lilikuwa limekwisha kujibiwa maabarani. Katika kituo cha utafiti cha Wajapani huko Palau, Siro Kawaguti alionyesha mnamo 1944 kwamba chembe za rangi ya kahawia zinazoishi ndani ya nyama ya matumbawe ya bahari ya joto ni viumbe vya jamii ya dinoflajelati, vinavyotengeneza chakula kwa mwanga kama mimea na kumgawia mwenyeji wao. Tumbawe la namna hiyo likinyimwa jua kwa kawaida hudhoofika na mwishowe hufa.

Aliyeyaunganisha mambo haya hakuwa mwanasayansi. Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, alieleza mwaka 1961 katika jarida la Marekani la wafuga samaki jinsi alivyofuga matumbawe kwa kutumia maji ya bahari, mwanga wa jua, mapovu ya hewa na mawe yaliyotolewa mwambani yakiwa na viumbe wake wote: sifongo, minyoo, mwani na bakteria. Mawe hayo, ambayo leo huitwa mawe hai, yana vitundu vingi, na bakteria wa juu hushughulikia amonia huku wale wa ndani kabisa, pasipo oksijeni, wakigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayoondoka majini. Wasomaji wa nchi za baridi waliotaka kumwiga walikuwa na vikwazo viwili ambavyo mtu wa Jakarta hakuwa navyo: jua lao lilikuwa dhaifu, na jiwe lililosafiri siku nyingi lilifika limeoza.

Jibu kwa nchi za baridi lilitoka Ujerumani na Uswisi katika miaka ya 1970. Peter Wilkens na wafugaji wa Berlin waliyachukua mawe hai na kuyaongezea taa kali mahali pa jua, chombo cha kukamua povu, ambacho hupitisha mapovu madogo ili mafuta na protini zinase na kutolewa kabla hazijaoza, pamoja na maji ya chokaa yaliyofidia yale yaliyokauka hewani. Hapa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataona kinaya, kwa sababu chokaa hiyo hiyo, iliyochomwa kutokana na matumbawe, ndiyo iliyounganisha mawe ya misikiti na majumba ya Kilwa na Gedi.

Marekani ilichelewa. Makala za George Smit za mwaka 1986 zilieneza hamu ya mwamba mdogo wa nyumbani, pamoja na kichujio cha mipira ya plastiki ambacho katika miaka ya 1990 wengi walikiondoa, walipogundua kwamba kilirundika nitrati ilhali mawe yangetosha. Tangu hapo hatua za anayeanza zimebadilika kidogo tu: maji yaliyosafishwa huchanganywa na chumvi ya kiwandani hadi kufikia takriban gramu 35 kwa kilo moja ya maji, mawe huwekwa, kisha tangi huachwa bila samaki kwa wiki kadhaa mpaka vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri. Tumbawe la kwanza mara nyingi huwa lile laini lenye umbo la mti ambalo wauzaji wa Ulaya na Marekani wamelibandika jina la Kenya, kwa kuwa ni vigumu kuliua na hujikata vipande vinavyoota upya.

Umaarufu ulileta madhara yake. Mwaka 1984 mwani wa mapambo aina ya Caulerpa taxifolia ulionekana baharini chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, na baadaye ukaenea kwenye pwani za Ufaransa na Italia. Kuanzia 1990 matumbawe yote ya mawe yaliwekwa chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na wafugaji wakazidi kutegemea vipandikizi. Mfano ulikuwepo tayari: Dietrich Stüber wa Berlin alikuza tumbawe moja la jenasi ya Acropora ambalo vipande vyake viligawanywa kutoka mfugaji hadi mfugaji hadi vikavuka bahari. Kuzaliana kwa mbegu na mayai kulikawia zaidi, mpaka watafiti wa Horniman Museum, chini ya Jamie Craggs, walipotangaza mwaka 2017 kwamba matangi yaliyoongozwa na kompyuta kuiga misimu ya joto, urefu wa mchana na mbalamwezi yaliwezesha spishi 4 za Acropora kutaga kwa wakati uliotabiriwa.