Shamba la Bibi: kutoka Mohoro mpaka Beho Beho

Haya wadau, nimeulizwa habari za safari ya Rufiji mpaka kwenye foleni ya wali maharage, kwa hiyo leo nakaa chini naandika. Wanaotaka picha za simba wasubiri kidogo. Kwanza historia, maana ndiyo iliyonipeleka.

Mimi na mume wangu (mwaka jana wengine wenu mlikula pilau letu) tulitaka kwenda mbugani. Yeye alitaka wanyama. Mimi nilitaka Mohoro. Tukaunganisha: gari la kuazima kwa shemeji, Dar mpaka Kibiti na Ikwiriri, tunavuka Daraja la Mkapa, tunalala Mohoro, tunapanda milima ya Matumbi, tunarudi Ngarambe, kisha tunageuza mpaka Kibiti tushike njia ya Mloka kuelekea geti la Mtemere, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Siku sita, na bumu lote likaishia kwenye mafuta. Shemeji alipoona njia yetu kwenye ramani alicheka, akasema tunazunguka kama kuku aliyepotea. Lakini kihistoria ule ni mstari mmoja.

Daraja lenyewe linakaribia kilomita moja na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo mtu wa Lindi alikuwa anasubiri pantoni pale Ndundu, na mto ukijaa, unalala hapo hapo. Ukishavuka, Mohoro haiko mbali (wengine wanaandika Muhoro). Ni mpunga, miembe, minazi na samaki wa kutoka kwenye mikoko ya delta. Aprili 2024 mafuriko yaliwafunika vibaya, na watu tulioongea nao wanahesabu mambo kwa kusema kabla ya maji na baada ya maji. Ukipita haraka hutadhani kwamba hapa ndipo Wajerumani walipoweka boma lao, na kwamba Rufiji nzima ilitawaliwa kutoka Mohoro. Makao kwenda Utete ni mambo ya baadaye.

Na hapa ndipo aliponyongwa Kinjikitile Ngwale, tarehe 4 Agosti 1905.

Wengi wetu tunamjua kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, na mwandishi mwenyewe alionya kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Yule wa kweli alikuwa mganga wa Ngarambe. Masimulizi ya wazee aliyoyakusanya Gilbert Gwassa miaka ya 1960 yanasema kwamba mwaka 1904 alipandwa na pepo Hongo, akaingia kwenye bwawa mbele ya ndugu zake, wakakesha wakijua amekufa, na kesho yake akatoka na nguo kavu. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe kuchukua dawa: maji, mafuta ya mbarika, mtama. Akawaambia wasubiri mpaka yeye atoe neno.

Wamatumbi hawakusubiri. Kutoka barabara kuu kupanda Kipatimu ni vumbi, kona na mabonde, na mume wangu aliacha kuongea kabisa, mikono kwenye usukani. Huko juu, Nandete, mwishoni mwa Julai 1905, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya kwanza ya pamba kwenye shamba la kulazimishwa. Kung'oa miche ilikuwa ndiyo barua ya kutangaza vita. Tarehe 31 Julai wakashuka pwani wakachoma Somanga. Siku nne baadaye mganga ananyongwa Mohoro. Vita iliyosambaa mpaka Songea na Mahenge, na kuendelea hadi 1907, kwa sehemu kubwa ilipiganwa yeye akiwa ameshakufa.

Darasani tunaandika sababu tatu: kodi, pamba, maakida. Zote kweli, na ukizijaza vizuri hupati disko. Ila kuna ya nne, na hiyo nilielewa nilipoona dungu.

Dungu ni kibanda juu ya miti mirefu katikati ya shamba. Rufiji familia inahamia shambani msimu wa mpunga na kukaa humo, usiku na mchana, kulinda. Ndege mchana, nguruwe na kiboko usiku, na ukiwa karibu na pori, tembo. Mama mmoja njiani alituambia akikohoa usiku mmoja tu bila kuamka, nguruwe wanavuna kabla yake. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 juu ya Uzaramo, jirani zao wa kaskazini, akaonyesha jambo ambalo wenzake walikuwa wamelipita. Wanaume walipochukuliwa kwenda kwenye pamba na kazi za kulazimishwa, wake zao walibaki na mashamba ya chakula peke yao, na nguruwe wakala. Uwindaji nao ulikuwa umebanwa. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa sheria ya uwindaji yenye leseni, na akatenga eneo la Rufiji kuwa moja kati ya hifadhi za kwanza kabisa za nchi hii. Yaani mkulima ananyang'anywa muda wa kulinda na ruhusa ya kuwinda karibu kwa pamoja, halafu anaulizwa kwa nini hana kodi.

Hifadhi hiyo ndiyo iliyokua ikawa Selous, na ndiyo watu wa kusini wanaiita Shamba la Bibi. Mnaijua hadithi: Kaiser wa Ujerumani alimpa mke wake pori lote kama zawadi ya ndoa. Ni hadithi tu, sheria ya Wissmann haina bibi yeyote ndani yake. Mume wangu aliipenda mno. Kila tukipita kichaka ananiambia karibu shambani kwako, bibi. Nikamjibu bibi mwenye shamba yuko kwenye dungu na wala hajaulizwa. Akanyamaza mpaka Nyamwage.

Ngarambe imepakana na pori kabisa. Tulimsalimia mzee mmoja kijijini, shikamoo mzee, marahaba wanangu, tukakaa naye kwenye mkeka. Nilitaka habari za bwawa na mganga. Yeye alitaka kuongea habari za tembo waliokula mahindi wiki ile. Kisha akasema kitu nikakiandika: "Huko mnakokwenda kuangalia wanyama, babu zetu walikuwa wanakwenda kuoa."

Hilo halikuisha kwa siku moja. Baada ya Majimaji, Wajerumani waliamua kumaliza vita kwa njaa: vijiji vikachomwa, maghala yakachomwa, mashamba yakachomwa. Serikali yao ilikubali vifo 75,000, Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kulikokufa watu, vichaka vikarudi, na vichaka vikaleta mbung'o na tembo. Waingereza wakakuta pori na kulipa jina: 1922 likawa Selous. Kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1940, kwa sababu ya malale na kwa sababu ya wanyama, maelfu ya Wangindo wa upande wa Liwale walihamishwa na hifadhi ikapanuliwa juu ya vijiji vyao. Bwana nyamapori aliyesukuma sana upanuzi huo, C.J.P. Ionides, mshika nyoka maarufu, alifariki 1968 na amezikwa ndani humo, Nandanga. Mwaka huo huo wa 1968 Rufiji ilifurika, na serikali yetu wenyewe ikawahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vipya. Wazee wa Rufiji wamehamishwa kwa ajili ya kila kitu jamani.

Mtemere tuliingia alfajiri. Siwezi kusema uongo, ni pazuri mno: maziwa yenye viboko, mikoche, twiga wanaokutazama kama wewe ndiye kioja. Tukafika Beho Beho kwenye kaburi la Frederick Selous, mwindaji na kapteni wa Kiingereza aliyepigwa risasi hapo tarehe 4 Januari 1917 akipigana na Wajerumani, akiwa na miaka 65. Kaburi dogo, la heshima. Mtu huyu jina lake lilikaa juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 50,000, likaingia urithi wa dunia mwaka 1982, na mpaka leo sehemu iliyobaki kuwa pori la akiba inaitwa hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya kaskazini ilipewa jina la Nyerere mwaka 2019 ilipofanywa hifadhi ya taifa. Wakati ule ungeweza kuchagua jina la mtu wa Ngarambe pia.

Tulibishana njia nzima ya kurudi. Mume wangu ana hoja, na nitaiandika kwa haki. Mwaka 1976 Selous ilihesabiwa tembo kama 109,000. Sensa ya 2013 ilikuta kama 13,000, majangili wamemaliza. Anasema kama pangekuwa na vijiji humo, tusingekuta hata hao. Mimi nasema majangili hawakuwa akina mama wa kwenye dungu, na kwamba palipo na watu wanaofaidika na mnyama, kuna macho ya kumlinda. Akasema hizo ni ndoto za watu wa historia. Nikamkumbusha mahindi ya mzee. Akasema ndiyo maana kuna uzio na fidia. Nikamuuliza uzio wa kilomita ngapi.

Likizo ijayo yeye anataka Udzungwa, mimi nataka Liwale kutafuta miembe ya porini, maana mwembe haujipandi. Gari tumesharudisha, na shemeji amegundua mkwaruzo wa Kipatimu.