Hori la Makupa na Vikao vya Misitu

Mwaka 1929 hori la Makupa lilikatwa kwa tuta la mawe na udongo lililobeba barabara na reli kutoka kisiwa cha Mombasa hadi bara. Maji yaliyokuwa yakikizunguka kisiwa, yakienda na kurudi baina ya bandari ya Kilindini na hori la Tudor, yakazibiwa njia. Kwa serikali ya wakati ule hiyo ilikuwa kazi ya usafiri. Hoja yangu ni kwamba ilikuwa pia kazi ya misitu, tena nzito kuliko vibali vingi vya kukata miti vilivyowahi kutolewa pwani, na asiyeliona hilo hawezi kueleza mikoko ya Mombasa imefikaje hapa ilipo. Nalileta suala hili kwa ajili ya kundi ambalo watu wamezoea kulitazama kama pambo la mikutano: wanafunzi wa misitu wanaokwenda New York, Roma na kwingineko kukaa katika vikao vya sera za misitu za dunia. Naamini viti vyao vina thamani kubwa, na historia ya Makupa ndiyo inayoonyesha thamani hiyo iko wapi.

Makupa ilijulikana kwanza kama kivuko. Maji yakitoka, mtu aliweza kuvuka kwa miguu, kwa hiyo kila aliyeitawala Mombasa alilazimika kupalinda. Wapiganaji wa Kizimba walipopiga kambi upande wa bara mwaka 1589, ni maji hayo yaliyowatenga na kisiwa mpaka Wareno walipowaachia wavuke. Baadaye Wareno hao hao, wakiwa wamekwisha kujenga Ngome ya Yesu, waliweka vingome vidogo Makupa kuzuia mashambulizi kutoka bara. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, hapo ndipo ilipovukia, kwa daraja lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza. Tawala zote hizo ziliona kitu kimoja tu, kizuizi baina ya kisiwa na bara, cha kulindwa au cha kuvukwa. Lakini daraja huyaacha maji yapite chini yake, na tuta haliyaachi. Tofauti hiyo ndogo ya uhandisi, ambayo msafiri wa garini hata haioni, ndiyo uhai au kifo cha mkoko.

Wakati huo huo watu wa pwani walikuwa na elimu yao ya mikoko, na ushahidi wake bado uko Mji wa Kale. Ukiinua macho ndani ya nyumba kongwe ya mawe utaziona boriti zimelazwa sambamba kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, na juu yake mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chumba kinaweza kuwa kirefu apendavyo mwenye nyumba, ila upana wake hauzidi sana mita 3, kwa kuwa huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko hubeba dari nzito bila kupinda. Vipimo vya sebule viliamuliwa na mti. Biashara nayo ilikuwa na hesabu zake: miti iliuzwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene ukawa na jina lake, kuanzia fito na pau, kisha mazio, boriti na nguzo, hadi banaa. Mkataji aliutenga mkoko na mkandaa, muia na mchu, mlilana na mkomafi, akajua upi ni wa nyumba, upi ni wa mataruma ya chombo, na gome la upi hutumika kutengeneza ngozi. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni miti hiyo, kutoka Lamu hasa, lakini pia kutoka Bandari ya Kale ya Mombasa, kwenda Oman na Ghuba ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Hii haikuwa elimu ya kubahatisha. Ilikuwa elimu ya misitu iliyokamilika, isipokuwa haikuwa na cheti.

Serikali ya kikoloni iliipokea mikoko kupitia daftari la biashara. Mwaka 1932 mikoko yote ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali. Linganisha tarehe. Miaka 3 tu baada ya dola kuziba maji ya Makupa, dola hiyo hiyo ilijitangaza mlinzi wa miti inayoishi kwa maji hayo. Sidhani kulikuwa na hila ndani yake. Ilikuwa ni mgawanyo wa kazi: barabara na reli zilikuwa za watu wengine, miti ikawa ya Idara ya Misitu, na maji hayakuwa ya mtu. Sheria ikamfuata mwenye shoka kwa sababu huyo ndiye idara ilimwona.

Idara yenyewe iliundwa mwaka 1902, na macho yake yalielekea nyanda za juu, kwenye kuni za reli, mbao, na baadaye mashamba ya misonobari. Mikutano iliyoelekeza sera zake ilifanyika mbali zaidi. Mkutano wa kwanza wa misitu wa Dola ya Uingereza uliitishwa London mwaka 1920, ukafuatiwa na wa Kanada mwaka 1923, wa Australia na New Zealand mwaka 1928, na wa Afrika Kusini mwaka 1935. Waliokaa humo walikuwa wakuu wa idara za makoloni, na kuanzia mwaka 1924 maofisa wa aina yao walifundishwa katika taasisi ya misitu ya dola iliyofunguliwa Oxford. Mkutano wa mfululizo huo ulipofanyika Afrika Mashariki, mwaka ulikuwa 1962 na ukoloni ulikuwa unafunga mizigo. Chuo cha misitu cha Londiani, kilichoanza mwaka 1957, kilikuwa bado kichanga, na kiko huko juu Bonde la Ufa. Kwa hiyo aliyejua mti hakuwa na mlango wa kuingilia kikaoni, na aliyekuwa na mlango alikuwa amefunzwa kuutazama msitu kama ghala la mbao.

Matokeo yake Makupa yanasomeka matopeni. Mkoko hausimami kwenye maji yaliyotuama. Mbegu yake huota ingali mtini, ikawa kijiti kirefu cha kijani, kisha hudondoka na kuelea na maji mpaka ipate pa kushika. Njia ikizibwa, mbegu za upande mmoja haziwezi kuujazia upande wa pili. Mchu nao huchomoza vidole vya mizizi juu ya matope ili upate hewa. Vidole hivyo vikifunikwa na taka, udongo au mafuta, mti hukosa pumzi hata kama hakuna aliyeugusa kwa panga. Na vyote vitatu vilifika. Kando ya tuta, jaa la Kibarani lilipokea taka za mji kwa miongo mingi mpaka lilipofungwa. Mwaka 1988 mafuta mengi yalimwagika katika hori lenyewe, na mwaka 2005 meli ya mafuta ikavuja bandarini Kilindini. Majitaka ya mitaa iliyokua haraka yakaingia Tudor, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikashusha udongo mwingi hadi hori la Mwache. Utafiti uliotumia picha za setilaiti ulionyesha kwamba kati ya 1992 na 2009 Tudor ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake, na Mwache karibu nusu.

Sasa tazama sera za misitu zilikuwa zikifanya nini. Mwaka 1982 usafirishaji wa miti ya mikoko kwenda nje ulipigwa marufuku. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma nchi nzima, na wakataji wa Lamu wakajikuta ndani ya zuio lililotokana na hofu ya kukauka kwa mito, mpaka walipofunguliwa mwaka uliofuata. Mtu atasema, na kwa haki, kwamba shoka nalo lina makosa yake. Ni kweli. Wakazi wa mitaa ya kipato kidogo kandokando ya Tudor wamekata kuni na miti ya kujengea humo, na ukataji usio na mpango humaliza miti mizuri na kuacha miti dhaifu. Lakini marufuku hizo hazikupunguza hata ndoo moja ya majitaka, wala hazikufungua hata mita moja ya tuta. Lamu, ambako shoka limefanya kazi kwa karne nyingi, kuna hekta 37,350 za mikoko kati ya 61,271 za nchi nzima, na kaunti ya Mombasa ina 3,771. Wingi huo una sababu za kijiografia pia, sikatai, ila shoka peke yake lingekuwa ndilo adui, Lamu ingekuwa imebaki tope tupu.

Hapo ndipo wanafunzi wanapoingia. Mwaka 1973 wanafunzi wa misitu walikutana Edinburgh katika kongamano lao la kwanza la kimataifa, na mwaka 1990 huko Lisbon wakaunda jumuiya yao rasmi, IFSA. Miaka 2 baadaye mkutano wa Rio de Janeiro uliwatambua watoto na vijana kuwa moja ya makundi makuu yanayostahili kusikilizwa katika mambo ya maendeleo endelevu, ingawa kuhusu misitu mataifa yalikubaliana tu juu ya kanuni zisizomfunga mtu kisheria. Jukwaa la Misitu la Umoja wa Mataifa lilipoundwa mwaka 2000, wanafunzi hawa walikuwa na njia ya kuingia, na wamekuwa wakitoa kauli na kuandaa vikao vya pembeni tangu hapo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba hawana kura. Hawana, na nisingependa wawe nayo. Mjumbe wa serikali huja na karatasi iliyopitishwa na wizara yake, na mipaka ya wizara ndiyo mipaka ya kauli yake. Mtu wa misitu hasemi habari za bandari, na mtu wa bandari hayumo ukumbini. Mwanafunzi bado hajakabidhiwa idara ya kuilinda. Anaweza kusema wazi kwamba msitu fulani uliuawa na barabara, jaa na bomba la majitaka. Mikoko inauhitaji uhuru huo kuliko msitu mwingine wowote, kwa sababu iko baina ya nchi kavu na bahari, na mikataba nayo imegawanyika vivyo hivyo: misitu hujadiliwa New York, ilhali bahari yetu ina Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wanaokwenda ni wale wenye nauli, viza na Kiingereza, na wengi wa wanaotoka kwetu wamesomea misitu ya nyanda za juu. Atakayewakilisha Makupa anaweza kuwa hajawahi kukanyaga tope la Makupa. Nalikubali pingamizi hili lote, lakini linadai mabadiliko ya namna ya kuwaandaa wajumbe na halifuti haja ya kuwa nao. Mfano uko Gazi, kilomita zipatazo 50 kusini mwa Mombasa. Upandaji wa majaribio ulioanza huko mwaka 1991, ukiongozwa na James Kairo aliyekuwa kijana mtafiti, ulifuatwa na miaka mingi ya wanafunzi kupima vipenyo vya miti na kina cha matope pamoja na wanakijiji. Kutokana na vipimo hivyo ulizaliwa mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 na kuuza kaboni yake, fedha zikaenda kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Mradi huo ukawa mfano unaotajwa katika kumbi ambazo wakataji wa boriti hawakuwahi kuzijua. Kilichoufikisha huko ni namba zilizotoka mahali mahususi, na kwa kiasi kikubwa namba hizo zilikusanywa na wanafunzi.

Atakayesema Makupa ni padogo mno kujadiliwa na dunia aangalie miji ya pwani ilivyojengwa: matuta yenye madaraja mafupi au yasiyo na daraja kabisa yako kwenye mahori mengi ya nchi za joto. Tena Makupa sasa ina kitu ambacho miji mingi haina. Mwaka 2022 daraja jipya la mita 457 lilifunguliwa kuchukua nafasi ya tuta, na maji ya pande mbili yakapata njia tena baada ya miaka 93. Mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko ulioanza mwaka 2017 unafikia mwisho mwaka 2027, na malengo ya Umoja wa Mataifa kuhusu misitu yanakoma mwaka 2030. Kati ya tarehe hizo mbili, mwanafunzi wa misitu akiwa na mkataji mzee wa Tudor anaweza kuhesabu miche inayoshika upande wa pili wa daraja, msimu kwa msimu, na kuipeleka hesabu hiyo New York kwa jina la hori lenyewe.