Mashine Inayohesabu Miguu

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mishale minne inapanda kwenye skrini, kushoto, chini, juu, kulia, nawe umesimama juu ya mkeka wenye mishale hiyo hiyo. Mshale ukifika mahali pake, unakanyaga wa kwako. Ukiwahi mashine inajua, ukichelewa inajua. Kampuni ya Konami iliutoa Japani mwaka 1998 ikauita Dance Dance Revolution, mashine kubwa ya kumbi za michezo; mwaka uliofuata ukaingia majumbani kupitia PlayStation, na mkeka laini wa plastiki ukachukua nafasi ya jukwaa la chuma. Mwaka 2006 jimbo la West Virginia, Marekani, lilitangaza kuupeleka katika shule zake zote 765 za umma ili kupambana na unene wa watoto. (Najua rika langu likisikia mkeka linafikiria kubeti. Huu wangu bado haujachanika.)

Niliucheza sana nikiwa mwanafunzi Dar es Salaam, nikauacha nilipopata kazi. Ikapita miaka saba. Mwaka jana nilirudi Sumbawanga kuishi na bibi yangu, na ndani ya begi nilikuwa na mkeka wa mtumba na kompyuta yenye StepMania, programu ya bure inayomruhusu mtu yeyote kuutungia mishale wimbo anaoutaka. Sebule yetu ni ya saruji. Uwanda wa Ufipa uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni saruji ile inauma nyayo, kwa hiyo sikuhitaji sababu nyingine ya kurukaruka kabla ya chai.

Wiki ya kwanza pumzi ilinikatikia katikati ya kila wimbo. Wiki ya tatu miguu ilianza kwenda yenyewe, nami nikawa naisikiliza tu.

Jioni moja Bibi akasema na yeye anataka. Alivua kandambili, akafunga khanga vizuri kiunoni, akapanda mkekani. Bibi ni mchezaji. Kwenye harusi za ukoo, nsimba ikianza, yaani ile ngoma ya Kifipa ya chungu na kigoda, watu humpisha katikati. Akacheza hivyo hivyo. Mabega yakaenda, kiuno kikajibu, miguu ikisogea kidogo sana, kama mtu anayepanga viazi kwa vidole vya miguu. Mashine ikampa sifuri. Neno la kukosa likamwagika skrini nzima na wajukuu wakaanguka kwa kicheko.

“Huyu anatazama nini?” akaniuliza.

“Miguu tu, Bibi.”

“Kama mnyapara,” akasema, akashuka.

Baba yake alikuwa manamba Tanga. Neno manamba limetokana na namba, kwa sababu mtu akifika shamba la mkonge alipewa namba na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi ya siku, nafasi moja inatiwa alama. Usipomaliza, siku hiyo haikuwepo, hata kama jua lilikuunguza. Katika enzi ya Waingereza vijana wa Ufipa walikuwa na njia mbili kubwa za kutafuta fedha ya kodi na ya mahari. Moja ilikwenda mashariki kwenye mkonge, nyingine ilivuka mpaka kwenda kusini, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo.

Kabla ya mnyapara kulikuwa na gwaride. Kushoto, kulia, kushoto, kulia: huo nao ni mchezo wa mishale, ila adhabu yake haikuwa neno kwenye skrini. Na kutoka kwenye gwaride watu wa nchi hizi walitengeneza ngoma ambayo naamini ndiyo babu halisi wa kile ninachokifanya sebuleni, hata kama Konami hawakuwahi kuisikia. Jina lake beni, kutoka neno la Kiingereza la bendi.

Beni ilianza pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Ilikuwa na safu, filimbi, ngoma kubwa, sare na vyeo: kingi, jenerali, gavana. Ilikuwa na pande mbili zinazoshindana, na huku Tanganyika majina yaliyovuma ni Marini na Arinoti. Vita Kuu ya Kwanza ikaibeba hadi bara, kwa sababu askari na wapagazi walikwenda nayo. Vita hiyo iliishia mlangoni kwetu. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, kisha watu wake wakateremka hadi Kasanga, wakati huo ikiitwa Bismarckburg, kupanda meli ya kwenda Kigoma. Mtu wa Sumbawanga leo anakwenda Mbala kupitia Kasesya na kurudi siku hiyo hiyo.

Wapo walioitazama beni wakaona uigaji tu, Waafrika waliolewa sare za mzungu. Terence Ranger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii ya Afrika Mashariki, alilikataa wazo hilo: pwani ilikuwa na mashindano ya ngoma ya mitaa na pande kabla bendi yoyote ya kijeshi haijateremka melini. Namwunga mkono, nikiwa na nyongeza yangu. Gwaride lilihesabu miguu, na wachezaji wakaipokea hesabu hiyo wakaiweka chini kama sakafu. Juu yake wakarudisha kila kitu ambacho sajenti hakuwa na haja nacho: nyimbo, kejeli, nguo, michango ya kuzikana.

Wakubwa walishtuka. Wachimbaji wa Copperbelt walipogoma mwaka 1935 na watu sita wakauawa kwa risasi Luanshya, tume ya serikali iliuliza maswali mengi kuhusu vyama vya Mbeni, kana kwamba watu wanaojua kupanga safu siku ya mapumziko lazima wanapanga jambo jingine.

Hapo hapo Luanshya, mwaka 1951, mtafiti Clyde Mitchell aliwatazama Wabisa wakicheza kalela, mtoto wa Mbeni. Ngoma zao zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi za ng'ombe. Walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'aa. Walikuwa na daktari wao, na walikuwa na nesi, mwanamke aliyevaa nyeupe, ambaye kazi yake ilikuwa kupita kati ya wachezaji na kioo na leso ili wajitazame na kujifuta jasho wakiwa nadhifu. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Mgodi ulijua mtu ametoa mawe kiasi gani. Nesi alikuwa anaangalia uso.

Baada ya jioni ile ya Bibi nilikaa usiku mitatu nikitunga mishale ya wimbo wa harusi niliourekodi mwenyewe kwa simu, na nilikuwa na ubishi: nilitaka mashine imkubali. StepMania inazipa nota rangi kulingana na mahali zinapoangukia, nyekundu kwa pigo kamili, bluu kwa nusu yake, zambarau pale pigo linapogawanywa kwa tatu. Wimbo wetu unakwenda tatu tatu, basi skrini ikajaa zambarau. Hiyo iliwezekana. Mabega hayakuwezekana, maana hayana mshale. Nilijaribu kuyageuza kuwa miguu, ikatoka kitu cha haraka na kibaya, kama kuku juu ya bati la moto, na Bibi alipokiona aliuliza kama mchezaji ameungua.

Nikafuta. Pale mabega yanapoingia niliacha skrini tupu kwa mapigo manane. Wajukuu walilalamika kwamba nimeharibu, mchezo umekwama. Mdogo kuliko wote, wa darasa la tatu, alisimama katikati ya mkeka akisubiri mishale irudi. Mara ya pili akachoka kusubiri, akamtazama Bibi aliyekuwa kwenye kochi, akaanza kuyatikisa mabega.