Kasha la Padre Isaac Jogues

Padre Isaac Jogues, Mfaransa wa shirika la Wajesuiti, alizaliwa mjini Orléans mwaka 1607. Mwaka 1636 alivuka bahari akaenda Kanada, iliyokuwa koloni la Ufaransa, kuwafundisha Wahuroni. Mwaka 1642 alitekwa na Wamohawk, adui zao, nao wakamtesa hata vidole vyake vikaharibika. Mwaka uliofuata Waholanzi walimsaidia kutoroka, akafika kwao salama. Baba Mtakatifu Urban wa Nane akampa ruhusa kusoma Misa kwa mikono ile yenye kilema.

Angaliweza kustarehe, lakini alirudi Kanada. Mwaka 1646 alitumwa kwa Wamohawk kuwa mjumbe wa amani. Alipoondoka aliacha kwao kasha lake. Baadaye maradhi yakawashika watu, wadudu wakala mahindi. Wengi wakasema kwamba uchawi umo katika kasha lile. Wala tusiwacheke: maradhi mageni yalikuwa yamekuja kweli na Wazungu, yakaua watu wengi. Padre alipokwenda tena, baadhi ya wenyeji walitaka aachiliwe. Lakini tarehe 18 Oktoba alipigwa shoka, akafa. Kanisa lilimtangaza Mtakatifu mwaka 1930.

Wahenga walisema, mjumbe hauawi. Lakini hofu haina masikio.