Nusukaputi

nusukaputi *nm* [i-/zi-] dawa imfanyayo mgonjwa apoteze fahamu ili apasuliwe bila kuhisi maumivu. Haina maana sawa na *ganzi*, ambayo huondoa hisia katika sehemu ya mwili huku mgonjwa akiwa macho.

Matumizi. Katika matini za tiba ya watoto, neno hili huandamana na *kiasi*, *mapigo ya moyo* na *shinikizo la damu*. Moyo wa mtoto mchanga hauwezi kuongeza sana damu inayosukumwa kwa kila pigo, hivyo hutegemea zaidi kasi ya mapigo. Halotheni ikizidi, hupunguza kasi hiyo na kudhoofisha msuli wa moyo. Shinikizo la damu hushuka. Ketamini, kinyume chake, kwa kawaida huongeza mapigo na shinikizo.

Tahadhari kwa wafasiri. Katika mazungumzo, *dozi* mara nyingi ni dawa yote ya siku kadhaa, kama katika “maliza dozi”. *Presha* nayo huweza kueleweka kuwa ugonjwa wa shinikizo la juu. Kwa nusukaputi, iandikwe “kiasi kwa kila kilo ya uzito”. Ketamini ya mshipani ikielezwa kuwa miligramu 2 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 20. Mfasiri akiangusha maneno “kwa kila kilo”, zitasomeka miligramu 2 tu, na mtoto hatalala.

Mfano: *Mtoto alipimwa uzito kabla ya kupewa nusukaputi.*