MGENI ALIYECHIMBA KISIMA: SOMO LA TABORA KWA KIJANA ALIYE MASOMONI UGENINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu yangu katika imani, somo la leo ni la kijana wetu aliyekwenda kusoma nchi za watu. Yuko Madina, yuko Istanbul, yuko India, yuko Malaysia. Uwanja wa ndege alicheka na kupiga picha. Usiku wa kwanza akafunga mlango wa chumba, akakuta kimya. Lugha haijui. Kibla hajui kiko upande gani. Chakula cha halali hajui kinauzwa wapi. Nyumbani anasema "mimi mzima, alhamdulillah", kisha anakata simu na kulia.

Kijana wangu, kaa hapa tuzungumze. Nitakusomesha kwa historia ya Tabora.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo, njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora mpaka Ujiji ilikuwa ya miguu. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka pwani mwezi Juni. Waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Ilikuwa siku ya 134! Wewe umeruka saa chache na unaona umefika mbali.

Waliompokea Burton pale ni nani? Ni wageni kama yeye. Mkubwa wao alikuwa Snay bin Amir, Mharthi kutoka Oman. Huyu kwao Maskati alikuwa mtengeneza vitu vitamu. Akavuka bahari, akapanda bara. Yapata mwaka 1852 yeye na Mhindi mmoja aliyeitwa Musa Mzuri walihamia Kazeh, wakati huo mahali patupu. Wakajenga nyumba, wakachimba visima, pakawa mji wa watu.

Sasa nataka uchukue mambo matatu kwa mtu huyu.

LA KWANZA: Alichimba kisima. Hakukaa miaka akihesabu siku za kurudi Maskati. Wazee wetu wamesema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kijana, jembe lako liko wapi? Umeujua msikiti wa mtaa wako? Umejitolea hata kufagia? Mtu hawi mwenyeji kwa kukaa muda mrefu. Huwa mwenyeji siku anapoanza kufaa watu.

LA PILI: Alijifunza. Burton, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, ameandika kwamba Snay alikuwa msomaji, mwenye kumbukumbu kubwa, mjuzi wa lugha. Jioni nyingi Burton alikaa naye akimuuliza habari za bara na lugha zake. Mfanyabiashara wa pembe za ndovu akawa mwalimu wa mwanachuoni wa Ulaya! Kwa nini? Kwa sababu alikaa na watu wa nchi, akasikiliza lugha zao. Wewe uko mwaka wa pili, marafiki zako wote ni wa kutoka nyumbani, mnapika ugali pamoja na kusema Kiswahili asubuhi mpaka usiku. Ni vizuri, lakini lugha ya darasani utaipata wapi?

LA TATU: Alijua kupokea. Burton alipofika alipewa nyumba. Hawakumjazia watu mlangoni siku ile ile. Desturi yao ilikuwa kumwachia msafiri siku moja apumzike, ndipo wakubwa wa mji waje kumsalimia. Kisha zikaja mbuzi na ng'ombe za kumkirimu. Na huyu hakuwa wa dini yao. Ewe uliyetangulia chuoni, mwaka huu ukimwona mwanafunzi mpya msikitini amesimama pembeni hajui pa kuweka viatu, wewe ndiye Snay wake.

Lakini ndugu yangu, historia tusiipake sukari. Njia ile ile iliyopitisha ukarimu ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Waislamu walikuwemo katika biashara hiyo, na dhulma haiwi halali kwa kuwa mwenye kuifanya anaswali. Tena, mtemi Fundikira alipofariki mwaka 1858, akatawala Mnywa Sere. Akataka ushuru wa bidhaa za wafanyabiashara. Wakakataa, wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa. Vita ikawaka Unyanyembe. Snay bin Amir, yule yule mkarimu, aliuawa katika vita hiyo mwaka 1861.

Umeona? Mgeni aliyechimba kisima alitukuka. Mgeni aliyetaka kumchagulia mwenye nyumba mtawala aliangamia. Kijana, heshimu sheria za nchi iliyokupokea. Usiingie ugomvi usioujua mwanzo wake. Na usidhulumu mtu kwa kuwa hakuna wa nyumbani anayekuona. Allah anakuona.

Na usidhani safari ilikuwa ya watu wa kutoka nje tu. Vijana wa Kinyamwezi walibeba mizigo mpaka pwani, na kwao kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa bado hajakuwa mwanamume. Huko walikuwa wageni. Wazee wanasema utani wa Wanyamwezi na Wazaramo umetokana na misafara hiyo. Mtani anakutania, anakula kwako, na ukifa ugenini anasimama kukuzika. Tazama hekima hiyo! Watu wasio na simu walihakikisha msafiri hafi bila ndugu.

Haya yote yana asili katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwaunganisha Muhajirina na Ansari udugu. Saad bin Rabii akamwambia Abdulrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea dua ya baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaenda akauza samli na jibini, akajitegemea. Mwenyeji alitoa, mgeni hakulemea. Hapo ndipo udugu ulipokamilika.

Basi mzazi, usimpigie mwanao kumuuliza matokeo tu. Muulize amekula na nani. Na wewe uliyebaki nyumbani, katika vyuo vyetu wamo watoto wa Burundi, wa Kongo, wa Komoro. Futari mwaka huu waite.

Ewe Allah, wahifadhi watoto wetu walioko mbali, wape elimu yenye manufaa, wape wenyeji wema, na wajaalie wawe wachimbaji wa visima popote walipo. Amin.

Mtumie kijana wako aliye masomoni asome usiku huu.